Mkono Chini ya Shuka

Leo nimeaibika, jamani, na nimeaibika mbele ya mtu ambaye nilikuwa nimebaki naye hatua moja tu awe baba mkwe wangu. Msishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala juu ya mto, umepakwa mafuta ya nazi.

Nyinyi tuliosoma pamoja Mombasa mnamjua Hawa kwa barua zangu. Baba yake, Mzee Dakane, ni mfanyabiashara wa ngamia katika soko la mifugo hapa Garissa. Wazee wangu wamempelekea posa mara mbili, na mara mbili amesema anafikiria. Shida yake na mimi ni moja: anasema mimi Msomali wa maji ya chumvi. Nimekulia Mombasa, sijui ngamia, najua redio. Hata Kiswahili hunisemesha makusudi, kunikumbusha kwamba Kisomali changu ni cha kuombea maji.

Wiki iliyopita aliingia kwenye duka langu la kutengeneza redio na boksi. Kijana wake aliye ng'ambo amemtumia ndege ya plastiki, ile ya vipande vipande unaunga mwenyewe, mfano wa ndege iliyompeleka mzee Hija.

"Wewe si fundi?" akaniuliza. "Unga hii. Jumatano nikitoka soko nakuja kuona. Halafu tutaongea ile maneno ingine."

Ile maneno ingine! Nilitaka kuruka kabla ya ndege yenyewe.

Sasa, plastiki hizi zina gundi yake. Haibandiki tu, inayeyusha kingo mbili kidogo zikashikana zikawa kitu kimoja. Kulikuwa na kichupa chake ndani ya boksi, lakini joto la huku lilikuwa limeshakimaliza, kimekauka kau. Hawa akaniambia, "Idris, ngoja, nimeagiza nyingine Nairobi, inakuja na basi." Mimi nimwache mwanamke anifundishe gundi? (Ndiyo, nilipaswa kumwacha.)

Leo Jumatano asubuhi nikajaribu salusheni ya kuziba pancha. Mabawa yakaninginia kama masikio ya mbuzi. Nikajaribu gundi nyeupe ya seremala. Ile hukauka kwa sababu mbao inakunywa maji yake, na plastiki hainywi kitu. Baada ya sala ya adhuhuri bado ilikuwa maziwa. Nikafuta kila kitu, nikachukua supaglu. Tone moja, hesabu kumi, imeshika. Mabawa yakashika! Mkia ukashika! Nikaimba. Ndipo nikaona mvuke wake umeyapaka madirisha ukungu mweupe, ndege nzima imepata mtoto wa jicho. Nikajiambia mzee haoni vizuri vitu vidogo.

Kikabaki kipande cha tumbo. Tyubu ikaziba. Nikaibinya. Ikakataa. Nikaibinya kwa hasira, na ikatoa yote kwa pamoja.

Ndani ya muda wa kusema astaghfirullahi, kiganja changu na vidole vitatu vilikuwa mali ya ndege.

Na hapo hapo nje: "Hodi! Salaam aleykum!" Soko limeisha mapema. Mzee Dakane, na pamoja naye Mzee Bare, rafiki yake, dalali wa ngamia tangu ujana wake.

Nilifanya nini? Nikavuta shuka kwenye kiti, nikafunika mkono na ndege yote. Sasa sikilizeni, maana hili hamkufundishwa chuoni: supaglu ikikutana na nguo ya pamba, inapata moto. Moto wa kweli! Na nyinyi mnajua salamu za huku. Habari ya mama, habari ya mifugo, habari ya mvua, habari ya watu wa Wajir. Kila habari najibu "nabad, nabad," amani tupu, huku kiganja kinachemka na machozi yananitoka.

Mzee akayaona machozi, akalainika. Halafu akaiona shuka. Akaona mkono wa kulia uko chini yake, umenyooka kumwelekea yeye. Uso wake ukafunguka.

"Bare! Unaona? Huyu kijana amejifunza!"

Niwaeleze. Sokoni hapa madalali hawataji bei kwa mdomo. Wanashikana mikono chini ya nguo, wanaminyana vidole, kila kidole na hesabu yake, ili waliosimama karibu wasijue. Mzee alidhani nimemwita tupatane mahari, kiume, kisoko. Kabla sijasema kitu mkono wake ukaingia chini ya shuka, ukanikamata vidole pale gundi nene ilipokuwa haijakauka.

Akaminya. Ningesogezaje kidole kumjibu?

Akaminya tena, kwa nguvu zaidi. Nikatikisa kichwa juu chini kwa uchungu.

"Amekubali!" akasema Mzee Bare. "Wallahi, hata hakubishana!"

Mzee Dakane akatabasamu, akavuta mkono wake. Haukuja. Akavuta tena. Nikaja mimi.

"Waryaa, wewe kijana! Niachilie."

"Mzee, si mimi. Ni... ni ndege."

Mzee Bare akaondoa shuka. Pale palikuwa na kiganja changu, ndege ya Hija, na kiganja cha mzee juu ya bawa, tumeshikana sote watatu. Na Hawa ndiyo anaingia na birika la chai! Aliangalia, akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakaanza kutetemeka.

Dawa nilikuwa nayo kwenye droo: thina, ile ya kuyeyushia rangi.

"Itawaachilia," akasema Hawa alipopata sauti, "lakini itakula ndege."

Mzee Dakane akainama, akaitazama kwa muda mrefu. "Mimi nilikaa hapa," akasema polepole, akigusa dirisha kwa kidole cha mkono wa pili. "Hapa, nyuma ya bawa. Sasa hata dirisha yangu imekuwa kipofu." Moyo wangu ulivunjika, sisemi uongo. Nilijua nimempoteza Hawa pamoja na hiyo ndege.

Halafu akanyoosha mgongo. "Alasiri inaingia. Hii gundi haipitishi maji ya udhu. Mwaga."

Hawa akamwaga. Mikono ikatoka. Ndege ikawa kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa kwenye beseni. Nikaanza kuomba msamaha, mzee akaninyamazisha.

"Ndege imekwisha," akasema. "Lakini bei iko. Nimesema, umekubali, Bare ni shahidi. Lete wazee wako Ijumaa."

Wakaenda kuswali. Basi la Nairobi limefika jioni hii na gundi. Hawa ameniletea mwenyewe, ameiweka mezani, ameondoka akicheka mpaka barabarani.

Kwa hiyo naoa, jamani. Kwa ngamia wangapi? Sijui. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Nimemuuliza Mzee Bare, amenitazama kwa huruma, akasema, "Kijana, wewe ni mkarimu sana." Msicheke. Mwenye ngamia wa kuazimisha anijibu kabla ya Ijumaa.