Suruali Yangu Imeondoka na Maji Mikindani

Jamani, leo sina uso. Naandika kwa kidole kimoja katika duka la intaneti hapa Mtwara, nimevaa suruali ya shemeji (inaishia kwenye ugoko). Heri niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia sokoni Newala.

Mnajua tangu tumzike mke wangu, Mama Saidi, mama yake hajacheka. Miezi saba. Marehemu alimwahidi kumleta aione bahari, akatangulia. Ahadi ikabaki kwangu. Basi asubuhi nikamchukua mama mkwe, tukaenda Mikindani kutembea.

Kutembea na mkwe si mchezo. Yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi, kama mfungwa na askari waliobadilishana nafasi. Tukaona milango ya kuchonga. Tukaona boma la kale. Tukaona magofu. Mama anapita tu. Tulipofika ufukweni akasimama, akaangalia sana.

"Baba Saidi."

"Naam, mama."

"Maji yote haya, na hakuna foleni ya ndoo?"

"Yana chumvi, mama."

"Ahaa. Nilijua kuna sababu."

Akatoa kanga ya marehemu kikapuni, akaichovya ncha, akaketi nayo. Kisha akaniambia nikaoge, maana ndivyo mwanawe alivyotaka. Kwetu mtu havui hata shati mbele ya mkwewe, kwa hiyo nikazunguka nyuma ya mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, yako kule mbali. Nikavua suruali yangu ya mitumba (ile ya mistari mliyoisifia), nikaikunja vizuri juu ya jiwe kavu, na shati, na viatu. Nikabaki na bukta ya ndani yenye kiraka. Nikaingia hadi magotini, nikachuchumaa, nikafumba macho. Nikamlilia mke wangu. Si kidogo. (Bahari ina chumvi yake, haikugundua.)

Nilipofumbua macho, jiwe halipo!

Mama mmoja aliyekuwa akiokota kombe akapaza sauti: "We baba! Suruali ile ni yako? Mbona inakwenda Msumbiji?"

"Nimeiweka pakavu!"

"Maji yanajaa! Kwenu hayajai?"

"Kwetu hayapo!"

Alicheka mpaka kombe zikamwagika.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Mnyambe, kule juu Newala. Sisi huyafuata maji bondeni. Sijawahi kuona maji yanayomfuata mtu! Yakafika kiunoni. Yakafika kifuani. Kuogelea sijui (ningejifunzia wapi, kwenye ndoo?). Njia niliyopita imeshafunikwa, na pakavu palipobaki ni mahali pamoja tu: pale alipoketi mama mkwe. Nikafikiria kufa maji, nikafikiria kufa kwa aibu. Nikasimama kwanza nione kipi kitawahi.

Maji yalipogusa kidevu nikapiga kelele: "Mama! Naomba ugeuke!"

Akageuka. Nikatoka nimejikunja kama jongoo aliyeguswa. Mara namwona anakuja kwangu kinyumenyume, uso ameuelekeza mjini, mkono mmoja nyuma ameshika kanga ya mwanawe.

"Chukua, Baba Saidi. Mimi sijaona kitu."

"Ahsante, mama."

"Kitu hata kimoja."

"Ahsante, mama."

Kisha akasema taratibu, "Ila marehemu, kushona kiraka nilimfundisha mpaka nikachoka."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikasogea kumpa pole. Jamani, anacheka! Alicheka akaketi mchangani, akajifuta macho, akanitazama nilivyojifunga kanga, akaanza upya.

Tukarudi kwa kupita mji mzima. Ingekuwa msuli, sawa. Mimi nilikuwa na kanga ya maua, na mgongoni imeandikwa NIMETULIA KWANGU SINA HABARI. Wazee wa kahawa wakaacha vikombe. Mmoja akaniuliza, "Bwana, za nyumbani?" Mama akamjibu kwa niaba yangu: "Si umesoma? Hana habari!"

Sasa hivi yuko kwa mwanawe wa kiume, yule shemeji mwenye suruali, anawasimulia wajukuu. Namsikia mpaka huku dukani, ng'ambo ya barabara.

Ninyi naomba msicheke. Mwenye ruhusa ni mmoja tu, na bado hajamaliza.