Sala Ndefu na Picha ya Kalenda

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeiumba nuru kabla ya kuliumba jicho la kuitazama, naifungua shajara hii. Salamu za heshima kwako utakayeisoma baada yangu, uwe mjukuu, mpangaji au panya. Mimi ni Gerishon Gikonyo, mzee wa kanisa, muuzaji mstaafu wa mbegu na mbolea hapa Eldoret. Nakaa mtaani West Indies na mke wangu Kabura. Mimi ni mzima. Nina furaha isiyolingana na umri wangu.

Sababu ni hii. Jana baada ya ibada, Mama Apondi, mwenyekiti wa kamati ya kalenda, alitangaza kwamba mwaka huu jalada halitakuwa na yale maua ya kununuliwa. Litabeba picha iliyopigwa na muumini wa kawaida, mtu asiye na studio. Jina lake litachapwa chini ya picha. Kalenda hiyo hukaa ukutani katika kila nyumba ya washirika, mwaka mzima, juu ya meza ya chakula. Jina langu halijawahi kuchapwa popote isipokuwa kwenye risiti za mbolea.

Kikwazo ni kimoja. Kinaitwa Ouma. Fundi wa umeme mstaafu, mwimbaji wa besi, mwenye lenzi ndefu kama chupa ya chai.

Niandike pia jinsi nilivyoingia katika mapenzi haya. Binti yetu Waceke alipohamia Nakuru aliacha kamera kabatini. Niliichukua nikidhani ni darubini. Nikabonyeza. Kwenye kioo chake cha nyuma akatokea kuku wetu mwekundu juu ya kuni, jua la asubuhi likipita katikati ya manyoya yake. Kuku niliyemlisha kila siku, na kumbe sikuwa nimemwona. Nikaketi juu ya ndoo. Tangu siku hiyo sijatulia. Nimepiga picha za ukungu, sufuria, viatu vya wageni, na Kabura akiwa amekasirika. Za Kabura ndizo nyingi.

Jumatano, 5 Novemba

Kaptagat, alfajiri. Wazo langu lilikuwa zito na la kiroho: wanariadha wakipiga mbio msituni, mfano wa safari ya imani. Jirani yetu Mungai alinipeleka kwa pikapu yake.

Walikuja. Walipita. Picha ya kwanza: barabara. Ya pili: kiwiko. Ya tatu: barabara tena, na vumbi.

Miongoni mwao alikuwamo Chepngetich, aliyekulia mtaani kwetu na kuimba kwaya ya vijana. Nilimsihi warudie, ila wakimbie polepole. Alinijibu kwa adabu kubwa, "Mzee, hiyo ndiyo ilikuwa polepole. Leo tunapumzika."

Nikamwomba basi asimame tuli, mguu mmoja juu, kama anayekimbia. Alikubali kwa heshima ya mvi zangu. Wenzake waliketi kando ya barabara wakicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja alimwambia akimbie haraka zaidi, anaachwa na miti. Mimi nazungusha vifungo. Baridi inamtetemesha. Nilipobonyeza hatimaye, ng'ombe wa mtu akaingiza kichwa.

Ng'ombe ametoka vizuri sana. Kila unywele waonekana. Nyuma yake kuna kivuli cha manjano ambacho ni Chepngetich. Mungai alishauri nimpeleke ng'ombe kwa kamati. Nilifuta vumbi kwenye kamera hadi tulipofika mjini.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwalika Ouma chai. Nia: kumpeleleza. Kabura aliandaa nduma za kuchemsha. Aliniuliza tangu lini nampenda Ouma hivyo.

Kwa hila nilianza mbali, nikamuuliza alivyoanza kupiga picha. Alisimulia kwamba alipotoka kwao ziwani, kijana, kuja kufanya kazi kiwandani, mama yake aliamini baridi ya Eldoret ingemkausha. Akanunua kamera ndogo pamoja na mwenzake, akamtumia mama picha akiwa ameshika sahani iliyojaa ugali na samaki. Mama akamjibu kwamba sahani ameiona, lakini haoni ushahidi kuwa imeliwa. Basi kila mwezi Ouma akawa anatuma picha mbili: sahani iliyojaa, na sahani tupu. Mama alipofariki, zote zilikutwa chini ya mto wake, zimepangwa mbili mbili. Ouma alisema ndipo alipojua kwamba hawezi tena kuiacha kamera.

Kabura alifuta macho kwa kanga. Mimi pia nusura. Nikajikaza, nikamuuliza atapeleka picha gani kwa kamati.

Akaniambia bila kuficha lolote. Mtu huyu hana hila hata kidogo, jambo linalokera. Jumapili ya mavuno, ibada ikiisha, atapanda ngazi yake ya kazi na kuwapiga washirika wote pale uwanjani, kila mmoja na mazao yake. "Mzee Gerishon, kitu moja tu ndiyo inanipea wasiwasi," alisema. "Mvua. Ikinyesha kabla nibonyeze, mimi nimekwisha."

Nilimwongezea chai. Nilimwongezea na nduma.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekuwa nikilichunguza anga. Wiki hii mawingu yanatoka upande wa Kaptagat, yanafika baada ya chakula cha mchana, kisha yanamwagika.

Sasa tazama jinsi Mungu anavyopanga. Katika kanisa letu mazao hayaguswi uwanjani kabla mzee wa kanisa hajayaombea. Hakuna afumbuaye macho kabla ya amina. Na tangu kanisa lijengwe, hakuna aliyewahi kumkatiza mzee akiwa katika sala. Mwaka huu zamu ya kuombea mazao ni yangu.

Nimejihoji dhamiri. Sala ni njema. Mvua ni njema. Mimi nazikutanisha tu.

Nilifanya mazoezi chumbani. Kabura alibisha mlango kuuliza ninazungumza na nani. Nilisema na Mungu. Akasema, "Baba Waceke, Mungu hana haraka, lakini maharagwe yako yanakauka kwa sufuria."

Jumapili, 16 Novemba

Siku tukufu. Niandike kwa utaratibu.

Ibada iliisha jua likiwaka. Uwanjani kulikuwa na mahindi, kabichi, viazi, na kondoo wa Mama Apondi aliyefungwa utepe. Ouma juu ya ngazi, kamera shingoni. Nikainua mikono. Vichwa vikainama.

Nilimshukuru Mungu kwa mbegu. Kwa mbolea ya kupandia. Kwa mbolea ya kukuzia, na tofauti yake. Niliwaombea wakulima wa Moi's Bridge, mashine zao za kukaushia mahindi, na madereva wa malori yao. Niliwaombea wagonjwa, wasafiri, na wanaotamani kusafiri. Nilisikia mtoto akiuliza kama kesho tutaenda shule kutokea hapa hapa. Nilisikia mamaye akimnyamazisha. Nilisikia kondoo akiila kabichi ya mtu, na mwenye kabichi akihema kwa uchungu asiweze kufumbua macho.

Nilikuwa nimefika kwa walimu wa shule za msingi nilipohisi upepo wa baridi. Kisha ngurumo. Moyo ukaruka kama mwanakondoo. Nikafumbua jicho, moja tu, la kushoto, kuona wingu limefika wapi.

Lilikuwa juu yetu. Jeusi, zito, zuri.

Wakati huohuo nikasikia mlio mdogo kutoka kwenye ngazi. Nikalifumba jicho upesi, nikawaombea walimu wa sekondari pia, nikasema amina. Mvua ikashuka kabla amina haijamalizika. Watu walikimbia na viazi vyao. Kondoo alikimbia na utepe wake.

Ouma alishuka akiwa ameifunika kamera kwa koti. Alikuwa akitabasamu. Maskini, nadhani ni mshtuko. Hata kama alibonyeza, amepata nini? Nani ataning'iniza ukutani watu waliofumba macho?

Nimerudi nimelowa, nikicheka peke yangu. Nimemtumia Mama Apondi picha ya kuku. Kabura ananitazama kwa jicho la kupima homa.

Jumatano, 19 Novemba

Kamati ilituita. Picha ya Ouma ilikuwa mezani.

Wingu lilikuwa na tundu. Sikuliona tundu hilo. Nuru imeshuka kupitia kwake, imemwagika juu ya mahindi na juu ya vichwa vyote vilivyoinama, mistari kwa mistari, kama shamba lililopandwa watu. Na katikati nipo mimi, mikono juu, jicho la kushoto wazi, limekazwa mbinguni.

Damu ilinishuka hadi kwenye soksi. Mzee wa kanisa, katikati ya sala, akichungulia. Mwaka mzima. Juu ya meza ya chakula ya kila nyumba. Nilianza kufikiria kuhamia kwa Waceke.

Mama Apondi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Angalieni huyu Mzee. Sisi wote tulikuwa tunaomba. Yeye alikuwa anamwona."

 Mjumbe mmoja akasema amina. Ouma alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yalitikisika. Wakadhani analia, wakampa maji.

Jalada ni lake. Hakuna aliyepinga. Mama Apondi aliniuliza niliona nini kule juu. Nilimjibu kwamba ni vigumu kueleza, na huo ni ukweli mtupu.

Nje, Ouma alinishika bega. "Omera, ndugu yangu, ulikuwa unatafuta mvua."

Nilisema niliangalia wingu tu.

"Nilijua. Ulipofika kwa mashine za kukausha mahindi nilijua kabisa," alisema. "Lakini asante. Ungeomba kidogo tu, ningewapiga na lile jua kali, wote wamekunja uso kama watu wanadaiwa. Sala yako ndiyo imeniletea ile mwangaza."

Kisha akacheka hadi akaketi kwenye ngazi za kanisa. Ajabu ni kwamba na mimi nilicheka. Niliketi karibu naye. Akanionyesha kifungo ambacho ningemzungushia Chepngetich kule Kaptagat.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekuwa mtu mwingine mtaani. Vijana wanasimama ninapopita. Mama mmoja amenisihi nimwombee, na akaomba, ikiwezekana, nitumie lile jicho.

Nimetafakari mambo haya yote kwa kicho na kwa muda mrefu, na nimepata fundisho. Sala ilikuwa fupi mno. Ningeendelea hadi kwa walimu wa vyuo kabla ya kulifumbua jicho, lile tundu lingejifunga.

Ouma alikuja leo. Mwanawe Cyril anaoa tarehe ishirini mwezi ujao, nje, bustanini. Ouma mwenyewe ndiye mpiga picha. Na kwa kuwa kijana anaipenda sana ile picha ya kalenda, wanataka mimi niibariki ndoa. Nilikubali kabla hajameza chai. Kabura alifunga macho, akatikisa kichwa taratibu.

Nimekwisha anza kuipanga sala. Nimefika kwa mashangazi wa bibi harusi, upande wa mama. Safari hii nitafumbua macho yote mawili, ili tundu lisinipite.

Nawe msomaji, Bwana akubariki wewe na jamaa yako yote, alinde mlango wako, aijaze ghala yako, na awape watoto wako afya na utiifu. Na siku utakapowapanga watu wako wapigwe picha, anga lako na liwe safi, isipokuwa kama aliye juu ya ngazi ni Ouma.