Suti ya Mtoto wa Bruseli

Jumanne, 12 Juni 1962
Cibalonza ameingia kibandani kwangu na jora la sufu ya buluu. Nikadhani amekuja kunijibu. Kumbe si habari yangu! Mdogo wake Mulamba amepata bursi, atalipiwa masomo ya kupiga chapa Bruseli. Ataondoka baada ya uhuru wa Burundi, mwezi ujao. Nimshonee koti la baridi, tena nimfundishe mji, maana mimi nimefika.

Mimi nimefika Albertville, ng'ambo ya ziwa tu. Lakini tangu mwaka wa Maonyesho makubwa ya Bruseli nimewaambia watu wa Rumonge kwamba bwana wangu Mzungu alinichukua huko, na sasa hata mimi naanza kukumbuka.

Akasema nikiyafanya hayo mawili vizuri, atanijibu lile ombi langu la ndoa. Lile ombi! Mwanamke anauza ndagala, dagaa wa ziwani, soko la Magara, ana kicheko cha kumwangusha mtu. Nimekubali kabla hajamaliza.

Alhamisi, 14 Juni
Somo la kwanza. Watu wamejaa hadi nje. Nimemfundisha Mulamba: ukiingia kanisa kubwa, vua viatu uviache mlangoni. Ukiona jumba refu, piga hodi, mwenyewe atakuonyesha vyumba. Usishangae mbele za watu.

Hyacinthe, karani wa posta, adui yangu (naye anamtaka Cibalonza), akauliza mbona sijamtaja mtoto anayekojoa. Mtoto gani? Wa shaba, akasema, yuko kwenye kona ya njia, kila mgeni huenda kumwona. Nilicheka. Mji wenye heshima hauweki mtoto akojoe barabarani!

Akatoa kadi ya posta. Mtoto. Wa shaba. Anakojoa.

Nikasema mwaka ule alikuwa amepelekwa kusuguliwa. Cibalonza akaikagua kadi, kisha mimi. Ndipo Hyacinthe akaeleza, kwa kiburi chake, kwamba mtoto huyo ana nguo zake. Watu wa nchi mbalimbali humpelekea suti, naye huvalishwa siku za sikukuu.

Baada ya hapo sikusikia tena neno.

Jumamosi, 16 Juni
Mji unaovalisha sanamu suti! Mimi nimeshona kaptula za Rumonge nzima na hakuna aliyewahi kusimama kuzitazama. Huko watu wanavuka bahari kutazama mishono! Nimekaa mbele ya cherehani kama mtu aliye msikitini.

Halafu, wazo. Tarehe mosi tunapata uhuru. Nitamshonea mtoto suti ya uhuru, Mulamba ataipeleka. Jina langu litatajwa Bruseli!

Vipimo? Nimefikiri kifundi. Kwenye kadi hakuna mtu kando yake. Lakini nani atasafiri mbali hivyo kuona kitu kidogo? Nimekadiria nusu ya mchikichi. Kitambaa ni sufu ya Cibalonza. Koti la Mulamba litatoka kwenye vipande.

Jumatano, 20 Juni
Suti imekwisha! Suruali nimeitandaza juu ya paa, miguu inagusa chini huku na huku. Mbuzi wa jirani amelala ndani ya mmoja. Vipande vilivyobaki vinatosha kola. Cibalonza ameulizia koti. Nimesema linapumzika.

Jumamosi, 23 Juni
Balaa. Cibalonza ametupeleka misheni kwa Sista Godelieve, aliyezaliwa Bruseli, eti tukumbushane. Njia nzima nimetafuta ugonjwa wa kusingizia.

Lakini Sista hakuniuliza kitu. Alikuwa na hamu ya kwao. Alimwambia Mulamba aende kwenye uwanja mkubwa asubuhi mapema, kabla ya watu, asimame katikati, ainue macho, ageuke polepole. Nyumba pande zote, mawe yamechongwa kama kitambaa cha lesi, dhahabu kwenye kuta. Mnara wa jumba la mji una malaika kileleni. Na huo mnara, akasema, hauko katikati, upande mmoja wa jumba ni mrefu kuliko mwingine. Kanisani avue kofia, viatu abaki navyo, na misa ikianza asitembeetembee. Avae viatu vizito, njia ni za mawe.

Mnara hauko katikati! Kwangu mteja angerudisha. Wao wameuacha, na Sista anausimulia machozi yakimlenga. Nilisahau hata kuogopa. Nilisahau kwamba nimefika.

Mulamba akauliza urefu wa mtoto wa shaba. Sista akaweka kiganja juu kidogo ya goti lake. Wengine humpita bila kumwona, akasema.

Jumatatu, 25 Juni
Cibalonza amekuja bila hodi. Ameikuta suruali.

“Asmani, hii iko ya nani?”

Nikasema ya uhuru.

“Mudogo wangu atavaa nini kwenye baridi?”

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliikalia ile suruali akashika kitambaa, akasema ni bei ya ndagala za msimu mzima, na kwamba Mulamba hana mtu huko. Nikachukua mkasi. Hakuondoka mpaka koti likatoka kwenye mguu mmoja. Ni koti zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Nilikuwa na hofu kwenye kila mshono.

Jumapili, 1 Julai
Uhuru! Ngoma, bendera mpya, watu wazima wanalia. Nami nimelia. Mulamba amevaa koti juani, anatiririka jasho, hataki kulivua.

Ijumaa, 6 Julai
Mulamba amepanda lori la Usumbura kufuata ndege. Cibalonza alipunga mkono mpaka vumbi likatua. Kisha akanijibu: atalifikiria ombi langu Mulamba akirudi na diploma yake. Hyacinthe amejibiwa hivyohivyo. Kwake nadhani ni hapana.

Jioni mwalimu Domitille amenisimamisha. Dada yake anakwenda Paris, je, naijua? Nikamkaribisha aketi. Nimesikia huko kuna mnara wa chuma, mrefu ajabu, umesimama kwenye baridi mwaka mzima.

Na watu wa Paris wameuacha uchi! Kesho natafuta kitambaa.