Monita Yangu na Kwaya ya Bluu

Nimeaibika leo, jamani, tena dukani, mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti wa kwaya.

Mimi nachora kwa kompyuta. Kwaya yetu ya hapa Kibaoni iliniagiza bango la jubilei: wanakwaya wote, sura zao, na milima ya Udzungwa nyuma. Nimelichora wiki mbili. Leo asubuhi mwenyekiti, Mama Festo, kapelekewa nakala ya kwanza na mchapaji. Nyuso zote za bluu. Akanipigia simu.

"Mwanangu, hawa ni wanakwaya au watu walioopolewa mtoni Kivukoni?"

Akasema kazi anampa mtu mwingine. Nikaomba sana. Nikamwambia kosa si langu, ni la monita, imechoka, inadanganya rangi. (Nilisema kwa uhakika wa daktari.)

"Nanunua nyingine leo leo. Tukutane dukani mama, ukaone mwenyewe."

Akakubali. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikaifunga monita kwenye shuka, nikaipakata kwenye bodaboda mpaka mjini. Mama Festo alikuwa keshafika, kakaa, mkoba mapajani. Nikampa shikamoo yake, kisha nikamgeukia dada muuzaji.

"Natafuta monita ya bei nafuu, ila iwe na rangi za kweli. Mimi ni msanii. Kioo kikiwa cha njano kama hiki changu, unajikuta unaongeza bluu bila kujua."

Dada alikuwa na moja ya mtumba, safi. Akaiwasha pembeni ya yangu, picha ya bango kwenye zote mbili. Tofauti ikaonekana: kwenye yake kwaya ya bluu, kwenye yangu watu weusi wazuri, wenye afya.

"Umeona mama?"

Wateja wawili wakasogea. Nikawaeleza na wao jinsi vioo vinavyozeeka. (Sijui chochote kuhusu vioo kuzeeka.)

Dada muuzaji akainamia monita yangu. Akakwaruza kona kwa ukucha.

"Kaka, hii nailoni ya kiwandani mbona hujaitoa?"

Ndugu zangu, kwetu nailoni haitolewi. Friji la mama lina nailoni tangu niko shule ya msingi. Kochi lina nailoni. Rimoti ina nailoni. (Wewe unayecheka, ya kwako ikoje?) Monita niliinunua mpya, nikaiweka dirishani, na kuibandua sikuwahi hata kufikiria. Jua likaifanya njano taratibu, nami nikazoea.

Dada akaivuta. Ikatoka nzima, rangi ya mafuta ya kupikia. Chini yake kioo kinang'aa, na kwaya yangu yote ya bluu.

Mama Festo akavaa miwani, akasogea, akajitafuta mpaka akajiona, mstari wa mbele.

"Kumbe monita haina shida," akasema taratibu. "Hela yako weka. Nenda kaanze na uso wangu. Jumamosi niuone."

Kwa hiyo kazi bado ninayo. Kwa aibu nikanunua waya wa ekstensheni, ambao siuhitaji, nikaondoka.

Nyumbani nimemsimulia mama yote, nikitegemea pole. Kashtuka kweli.

"Na hiyo nailoni umeiacha huko huko?"