Aliyesimama Nyuma Yangu Darajani

Jumatatu, 2 Septemba
Sijamwambia mtu yeyote, hata padri: leo nimejificha chini ya daraja bovu ili nipigwe picha. Si picha ya simu. Mhandisi Consolate ana mashine ya leza inayozunguka na kupima chuma chote, aone kutu imekula wapi. Kisha mashine nyingine itapuliza unga wa chuma mahali palipoliwa, tabaka juu ya tabaka. Natamani sana kufanya kazi naye. Lakini kuomba? Mimi? Mdomo wangu hufa mbele za watu! Basi nimesimama nyuma ya nguzo, nionekane kwenye kompyuta, aulize huyu binti ni nani. Akili hiyo! Sikupumua. Lakini nyuma yangu kulikuwa na pumzi, ya baridi.

Jumanne, 3 Septemba
Nimeonekana! Ila kwa nukta za kijivu tu, bila uso. Papa Cirhuza, mkubwa wa mafundi, amepiga ishara ya msalaba. "Ile iko muzimu!" Hakuna anayetaka kushuka. Mhandisi analalamika kwamba kiumbe huyo ameficha kutu ya nguzo, na pasipopimwa hapatengenezwi. Maman hupita pale kila asubuhi na mboga za soko la Kadutu! Nilikwenda kwa Mhandisi kukiri. Nikakohoa. Nikarudi.

Jumatano, 4 Septemba
Mpango mpya. Nimempa Lucien, tuliyemaliza naye shule, chupa ya maji. Nimemwambia yamebarikiwa. (Ya bomba.) Ameinyunyizia nguzo huku akiimba, mafundi wakapata moyo. Mhandisi amecheka, kisha akampa kazi ya kubeba leza. Lucien! Aliyefeli fizikia!

Ijumaa, 6 Septemba
Leo wamepima upya. Mimi nilikuwa nyumbani namenya ndizi, maman ni shahidi. Jioni Lucien amekuja mbio. Anasema kwenye picha mpya bado kuna mtu nyuma ya nguzo. Wameikuza ile ya kwanza: kumbe walikuwa wawili. Mfupi mbele, mrefu nyuma, mkono wake begani mwa mfupi. Akanicheka kidogo, eti yule mufupi anafanana na mimi. Mafundi wote wamekwenda zao; Mhandisi atajaribu kupima tena kesho. Kutu imebaki.

Nimewaza sana. Nimwombe tu Mhandisi kazi, nimweleze yote? Hapana. Aibu! Kesho nitashuka kabla leza haijawashwa, nimshike yule mrefu mkono, nimvute kando taratibu. Nguzo itapimwa, maman atapita salama, na kazi nitapata. Yule mrefu tayari ananijua.

Wewe unayesoma, usimwambie maman. Lucien ndiye kabisa.