Mimba ya Shauri Yenu

Fabian Wekesa alikuwa ameshafika mguu wa tatu wa mbwa, povu limempanda mpaka viwiko, alipoliona tumbo. Lilikuwa limeshuka kidogo, tena chuchu zilikuwa zimevimba. Aliacha kusugua. Mguu wa nne ulisubiri.

Mbwa huyo aliitwa Shauri Yenu. Jina alipewa na mwenye mbwa, Mwihaki, muuza mabati na misumari wa Nyamasaria, kwa sababu kila jioni alipenda kumwita kwa sauti kubwa akiwa ameelekea ua wa jirani. Jirani, Lornah, mkaanga samaki, naye alikuwa na mbwa aitwaye Tumewazoea. Kwa njia hiyo wanawake hao wawili waligombana miaka mitano bila hata mmoja kumtukana mwenzake.

Fabian hakuwa daktari wa mbwa. Hilo lisemwe mapema, bila hasira. Koti lake jeupe alilinunua sokoni Kibuye kwa muuza nyama aliyekuwa akiacha kazi, na katika mifuko yake kulikuwa na harufu ya maini ambayo sabuni zote za soko zilishindwa kuitoa. Mbwa wakali waliomrarua mzoa takataka walimpokea Fabian kama mjomba. Watu walipoona hivyo walisema ana kipawa, naye hakuwakatalia. Kuwakatisha tamaa watu wenye furaha si adabu.

Ushauri wake aliuokota kwenye kipindi cha redio cha kila Alhamisi, na kwa bahati mbaya ya tapeli, ulikuwa ushauri mzuri. Mbwa apewe maji safi kila siku. Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika kama miiba. Apate dawa ya minyoo kila miezi mitatu na chanjo ya kichaa kila mwaka. Kitanda chake kianikwe juani. Asifungwe mnyororo mchana kutwa, halafu watu washangae kwa nini ana hasira. Cha uongo kilikuwa chupa yake ya dawa ya viroboto peke yake: maji, sabuni ya kipande iliyokunwa, majani ya mwarobaini, na karatasi iliyoandikwa FABIDOG SUPER.

"Mama," alisema Fabian, akipunguza sauti kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa, "huyu mbwa hajawahi kukutana na dume?"

Mwihaki alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi, akimenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Kuna lile dume la mbwa wa polisi, la hapo kwa kituo cha mafuta. Mwezi juzi lilikuwa linazunguka geti langu usiku na mchana. Kwani?"

Dume la mbwa wa polisi! Masikio yaliyosimama, kifua kipana. Watoto wa mbwa kama huyo waligombaniwa na kila mtu aliyejenga ukuta kati ya Nyamasaria na Awasi. Fabian alivaa kipimo chake cha kusikilizia moyo, akakiweka tumboni, akafumba macho. Alichosikia ni mbwa akimeng'enya ugali.

"Ni nini, Daktari?"

"Mimba, Mama. Lakini ni mimba ngumu. Inataka uangalizi. Chakula maalumu, maziwa, matembezi, usafi wa kila siku. Ukiiacha hivi hivi, utampoteza mama na watoto."

"Woi! Na mimi pesa ya kulea mimba ya mbwa nitaitoa wapi? Misumari yenyewe haitembei."

"Nani ametaja pesa, Mama?" Fabian aliweka mkono kifuani, juu ya harufu ya maini. "Mimi ni mtu wa huruma. Nitamtunza mwenyewe, kwa gharama yangu. Akishazaa, wewe unachagua mtoto mmoja, wale wengine nachukua mimi. Tumemalizana."

Mwihaki alimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. Kisha akaenda dukani akarudi na daftari. Alitaka iandikwe. Fabian, ambaye kwa kawaida aliogopa maandishi, safari hii aliyafurahia, kwa sababu yalikuwa upande wake. Mwihaki aliandika polepole, akisoma kwa sauti: Fabian Wekesa atamtunza mbwa huyu na kusafisha kibanda chake kila siku, kwa gharama yake, mpaka mbwa azae. Watoto ni wa Fabian, isipokuwa mmoja. Lornah aliitwa kutoka upande wa pili wa ua awe shahidi. Alikuja na mikono ya mafuta ya samaki, akasoma mara mbili, akamtazama Mwihaki, kisha akamtazama Fabian kwa muda mrefu zaidi.

"Wewe ndiye daktari?" aliuliza.

"Ndiye mimi, Mama."

"Yawa, jamani," alisema Lornah, akatia sahihi.

Siku ya tatu Fabian alikwenda Awasi. Huko aliishi Mzee Ondiek, askari jela mstaafu, mwenye kuku mia mbili na wezi wa kuku wasiopungua wanne. Fabian alimweleza habari za watoto wa mbwa wa polisi kwa ufasaha hata yeye mwenyewe akatamani kuwanunua. Mzee Ondiek hakuwa na pesa mkononi, lakini alikuwa na pikipiki nyekundu iliyolala chini ya turubai tangu goti lake liharibike. Walipatana watoto watatu kwa pikipiki.

"Omera, ndugu yangu," alisema Mzee Ondiek akimkabidhi funguo, "mimi nimelinda watu miaka thelathini. Nikitaka kumpata mtu, nampata."

"Mzee, mimi si wa kukimbia."

Na kwa kweli hakukimbia, kwa sababu ya ile pikipiki. Katika miaka yake thelathini na minne Fabian hakuwahi kumiliki kitu chenye injini. Alipoipanda kurudi Nyamasaria, upepo wa mashamba ya mpunga ukimpiga usoni, aliona maisha mapya: apate wale watoto, alipe watatu wa Ondiek, auze wengine, abebe abiria, aachane na viroboto. Sharti lilikuwa moja tu. Watoto wazaliwe.

Basi akafanya kazi. Alifika kila asubuhi saa moja. Alifua magunia ya kulalia, akayaanika. Alimpitisha Shauri Yenu kando ya barabara, mwendo wa taratibu, akamtoa kupe mmoja mmoja masikioni na katikati ya vidole. Omena alinunua mwenyewe, akachemsha, akachanganya na ugali. Aliogopa kumpaka Fabidog Super. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu na shampuu halisi ya dukani. Mbwa akaanza kung'aa. Wapita njia walisimama kwenye geti wakaulizana ametolewa wapi.

Dalili nazo zilikuja kama redio ilivyosema. Shauri Yenu alikuwa mzito. Alichimba shimo kwenye kona ya kibanda. Maziwa yalianza kutoka. Akaiba slipa za Mwihaki, moja baada ya nyingine, akazilaza kando ya tumbo lake na kumngurumia kila aliyezikaribia.

"Anajizoeza," Fabian alimweleza Mwihaki.

"Wewe ndiye unajua, Daktari."

Siku sitini na tatu za mimba ya mbwa, tangu lile dume lizunguke geti, zilipita. Zikafika sabini. Fabian alisema mbwa wa damu ya polisi hawana haraka. Zilipofika themanini tumbo lilianza kurudi ndani, na Fabian akaanza kutolala.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti, akisugua sakafu ya kibanda, Debra alipoingia getini. Debra alikuwa daktari wa mifugo, aliyesomea kazi hiyo na kuhitimu, na wiki hiyo alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Alimchanja Shauri Yenu, akasita, akampapasa tumbo.

"Nani anamtunza huyu?"

"Daktari wake yuko hapo chini," alisema Mwihaki.

Debra aliinama akachungulia kibandani. "Daktari mwenzangu, ulisomea wapi?"

"Kazini," alisema Fabian, brashi mkononi.

"Kazi ni nzuri. Mbwa ni msafi, ana afya, hana hata kupe. Ila mbona mnamkusanyia slipa?"

"Ana mimba," alisema Fabian kwa sauti ndogo.

"Hana. Alikuwa na mimba ya uongo. Mbwa jike akishatoka kwenye joto, mwili unaweza kujidanganya. Tumbo linavimba, maziwa yanatoka, analea hata viatu, na dume hajawahi kumgusa. Msimkamue, mtembezeni zaidi, mtoeni hizo slipa polepole, itapita. Kama hamtaki watoto, nitawaeleza kuhusu kumfunga kizazi."

Fabian alimgeukia Mwihaki. "Mama, ulisema lile dume la polisi..."

"Nilisema lilizunguka geti. Geti langu nimesema lilifunguka?"

"Ulijua?"

"Hii ni mara ya tatu. Ya kwanza nililia sana, nikanunua maziwa ya mwezi mzima. Ya pili nikazoea. Ya tatu ukaja wewe na kipimo."

Upande wa pili wa ua Lornah alicheka mpaka samaki wakaungua.

Katikati ya kicheko hicho Mzee Ondiek aliingia, akichechemea, na kikapu cha kubebea watoto watatu. Alielezwa. Alinyoosha mkono tu, na Fabian akaweka funguo za pikipiki kiganjani mwake. Kilikuwa kitendo kifupi, lakini aliyemwona uso angemhurumia.

"Mzee, nipe nafasi," alisema Fabian. "Miezi sita hivi atarudi kwenye joto. Si ndiyo, Daktari Debra?"

"Kama sita. Lakini mimba yenyewe ni miezi miwili juu yake."

"Minane, basi. Watakuja wa kweli."

Mzee Ondiek alifikiri. Alimtazama yule mbwa anayeng'aa, kisha sakafu ya kibanda.

"Pikipiki itakaa stoo ya huyu mama, imefungwa. Watoto wakizaliwa, unachukua. Na dume ninalo mimi, la kweli, liko Awasi. Ila unajua desturi: mwenye dume huchagua mtoto. Kwa hiyo wangu wanne."

"Mimi mmoja, kama tulivyoandika," alisema Mwihaki. "Na wa pili. Slipa zangu nani atalipa?"

"Na shahidi?" Lornah alipaza sauti juu ya ua. "Shahidi anakula upepo?"

"Mmoja, Mama," alisema Fabian.

"Mimi sitaki," alisema Debra akifunga mkoba. Fabian akamtazama kwa shukrani. "Lakini dada yangu wa Maseno anatafuta jike."

Fabian alihesabu kwa vidole vyenye povu. Wanane.

"Na wakizaliwa wanane?"

"Basi hakuna ugomvi," alisema Mzee Ondiek. "Wewe una pikipiki."

"Na wakizaliwa watano?"

Hapo kila mtu akakumbuka kazi zake. Debra alikuwa na nyumba nyingine kumi na nne. Mzee Ondiek aliisukuma pikipiki mpaka stoo, Mwihaki akafunga kufuli, wakaagana kwa heshima kama watu wa ukoo mmoja. Fabian alitazama geti. Lilikuwa wazi. Alitazama mlango wa stoo pia, na chini yake ukingo wa gurudumu jeusi ulionekana kidogo. Akapiga magoti, akachovya brashi.

Alisugua mpaka jua likashuka upande wa ziwa. Nusu ya sakafu iling'aa. Nusu nyingine, ile ya shimo, bado ilikuwa tope. Mwihaki alitoka na kikombe cha chai, akakiweka karibu na brashi ya Fabian.

"Acha hapo," alisema. "Shimo utalifukia kesho. Na uje na mchanga wako."