Sehemu ya Themanini na Tisa Iko Wapi?

Mtaa wa La Ceibita,
nyuma ya kibanda cha kuku,
Azua.
Tarehe 14 Septemba

Kwa Mkuu wa Ratiba,
Chaneli ya Kusini.

Ndugu Mkuu,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Sisi huku wazima, isipokuwa kwa haya tunayokuandikia.

Mimi naitwa Leurys Matos. Kazi yangu ni kunyonyoa kuku. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe. Barua hii si yangu, ni ya mtaa mzima. Kikao kilikaa Jumapili dukani kwa don Radhamés, yule mwenye televisheni kubwa na betri ya kuiwashia umeme ukikatika. Kila mtu alitaka kuandika yeye, wakaanza kunyang'anyana kalamu. Radhamés akakata shauri. Akasema, "Aandike Leurys. Huyu hasemi, kwa hiyo hataongeza la kwake." Basi nimeandika waliyosema, na nimewasomea mara mbili.

Malalamiko ni juu ya tamthilia yenu, Binti wa Kiwanda cha Sukari. Ni haya:

1. Mpangilio. Zamani ilikuwa Jumatatu mpaka Ijumaa, saa moja jioni, mtu anajua. Mwezi wa tatu mkatangaza kwamba zimebaki sehemu nane tu mpaka mwisho, tukafurahi, kumbe ndiyo mnaanza mambo yenu. Jumatatu hiyo mlikuwa mmetoka kurusha ya 88, pale Amparo, binti mwenyewe, ameshika bahasha, anataka kuifungua. Jumanne tukakaa mapema, hata watoto walikuwa wameshaogeshwa. Mkarusha ya 61. Jumatano ya 62. Alhamisi ya 61 tena. Ijumaa besiboli. Jumatatu nyingine ikaja ya 90, Amparo ana plasta mkononi, mama mkwe hayupo, na mbwa anaitwa jina jingine. Hakuna anayeeleza. Ya 89 haijaonwa na mtu yeyote mtaani mpaka leo. Wapo wanaosema ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya mama yake mzazi, ambaye hajawahi kumjua. Radhamés anasema ilikuwa bili ya umeme, ndiyo maana akaanguka akavunjika mkono. Miezi sita sasa, na tumefika ya 93. Konokono angekuwa ameshafika akarudi.

2. Msiba wa don Evaristo. Huyu ni yule mzee mwema wa kwenye tamthilia aliyetumbukia kwenye pipa la sukari ya moto, sehemu ya 74. Alikufa vibaya, na wanawe hawakumsomea hata rozari moja, walikuwa wanagombea mashamba. Mwezi wa nne Bibi Confesora, mkubwa wetu hapa mtaani, akasema marehemu asiyeombewa siku tisa anarandaranda, na kwa kuwa yeye anamjua, hawezi kumwacha hivyo. Akamwita Mama Nurys, msomaji wetu wa sala za wafu. Tukatandika meza kwa shuka nyeupe, tukaweka mishumaa na glasi ya maji, tukachemsha chai ya tangawizi. Watu walilia vizuri.

Siku ya tano ya maombi, tumemaliza rozari, tunawasha televisheni, mnarusha ya 52. Don Evaristo mzima. Anaoa. Anakula soseji ya kukaanga na ndizi za kuponda, anaomba aongezewe, halafu anasimama anacheza merengue na mpishi. Mama Nurys alifunga kitabu. Alisema, "Miaka thelathini na moja naombea wafu. Sijaombea mfu anayecheza kwenye harusi yake mwenyewe."

Hapo mtaa ukagawanyika. Wengine walisema maombi yakishaanza hayaachwi katikati, roho itakwama mlangoni. Wengine wakasema kumwombea mtu mzima kama maiti ni kumwitia kifo. Tukaendelea kwa kura. Siku ya tisa, tunakunja shuka, mkarusha tena ya 74, akatumbukia tena. Waliosema tunamwitia kifo walitutazama kama wauaji. Bibi Confesora akasema hiki sasa ni kifo kingine, siku zake tisa ni nyingine. Kwa hiyo tukaomba kumi na nane.

Wakati huohuo mzee Bolívar Ogando, wa mtaa wa pili, alikufa kweli. Akapata siku nne tu za maombi, kwa sababu Mama Nurys alikuwa kwetu na marehemu wenu. Mjane wake akipita hapa anatazama upande wa pili. Hilo, Ndugu Mkuu, si la kuchekesha, na mtaa umeniambia niliandike hivyohivyo.

3. Wascar. Huyu ni dereva wa pikipiki ya abiria, mchumba wa Yajaira mwenye saluni. Bahati yake mbaya, sura yake imefanana na Rubén, yule anayemdanganya Amparo kwenye sehemu ya 61. Mlipoirusha mara ya kwanza, Yajaira alimtazama kwa jicho la pembeni. Mliporudia, akamwuliza siku ile alikuwa wapi. Mliporudia tena, akamtupia viatu barabarani. Mpaka leo ameshafukuzwa mara nne kwa kosa moja, na kosa lenyewe hakulifanya yeye. Wascar anaomba mjue kwamba sehemu ya 70 Rubén anaomba msamaha kwa magoti na anasamehewa. Hiyo hamjairudia hata siku moja.

4. Tunaona kwamba mkitaka mnaweza. Meya alipokuja kufungua bomba la maji la La Ceibita, mlirusha sherehe nzima, mwanzo, katikati na mwisho, kwa mpangilio, na kesho yake mkarudia saa ileile bila kukosea hata dakika. Mkasi mliuonyesha, utepe mliuonyesha, na makofi. Yajaira ameitazama yote mara mbili, na anasema maji hayakutoka kwenye sehemu yoyote. Labda nayo yako kwenye ya 89.

5. Mtu wenu. Kila mkirudia mnaandika pale chini: "Kwa maombi ya watazamaji wetu wapendwa." Mtaa ukataka kumjua huyo mpendwa. Yajaira akawapigia simu. Binti wenu wa simu akamjibu, kwa upole kabisa, kwamba maombi mengi ya marudio yanatoka La Ceibita. Yajaira akamwambia hapa hakuna mtu kama huyo, hapa tuna akili zetu. Tunasema huo ni uongo, au ni fitina ya mtaa wa pili kwa ajili ya mzee Bolívar. Kama mna jina, leteni. Radhamés ameshaandaa kibati cha kukwaruzia mihogo, atampigisha magoti juu yake mbele ya duka, saa moja jioni, wakati ambao wengine tungekuwa tunatazama tamthilia.

6. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililofanya tuandike. Ni Bibi Confesora mwenyewe. (Mimi ni mjukuu wake, yeye ndiye aliyenilea, lakini hapa naandika kama mtaa.) Ana miaka themanini na sita. Mwezi wa pili daktari alisema moyo umechoka, hatafika Pasaka. Yeye akamjibu, mbele ya Padre na mbele ya Radhamés, "Siondoki mpaka nijue mama yake Amparo ni nani. Nikishajua, msinicheleweshe."

Pasaka imepita. Padre ameshampaka mafuta ya wagonjwa mara mbili, na mara ya pili alimwuliza kama ile 89 imeonekana. Gauni lake la kuzikiwa linaning'inia kwenye msumari tangu mwezi wa pili; limepigwa pasi mara tatu kwa sababu linaingia vumbi. Kila jioni tunambeba na kiti chake mpaka dukani, anawekwa mbele ya televisheni. Akiona ni marudio anasema, "Haya, basi kesho," tunambeba kurudi. Mama Nurys anasema ni dhambi kumweka mzee mlangoni namna hii, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, kwa sababu ofisini kwenu kuna mtu hajui kuhesabu. Mtaa wote unasema hivyo. Mtu ameshafunga mzigo wake, mpeni njia apumzike.

Kwa hiyo tunaomba mrushe sehemu tatu zilizobaki kabla ya mwezi huu kwisha, kwa mpangilio, bila besiboli katikati. Ya 89 mwitafute. Kama imepotea, mtume mtu mwenye kuijua aje kutusimulia dukani, kiti chake kipo. Kama mtu hamna, basi mje mumchukue don Evaristo wenu mkamwombee wenyewe. Mkishindwa na hilo pia, tutakuja hapo kwenu, watu kumi na tisa na kiti kimoja cha kubeba, tukae ukumbini mpaka Amparo aambiwe.

Msalimie mkeo kama unaye, na watoto, na mlinzi wa getini, na binti wa simu ambaye mtaa unamsamehe. Ukimwona Amparo akipita hapo, mwambie La Ceibita wanamuulizia mkono.

Tulioisikia barua hii ikisomwa tukairidhia tumeweka majina hapa chini, na asiyejua kuandika ameweka dole gumba. Lile doa la mafuta la pembeni si dole la mtu, ni Radhamés alikuwa anakaanga.

Kwa niaba yao,
Leurys Matos

N.B. Ndugu Mkuu, hapa chini naandika peke yangu, nipo kibandani, barua wameshaipitisha.

Yule mtazamaji mpendwa ni mimi.

Mimi dukani nikitaka chumvi naonyesha kwa kidole. Lakini siku ile mliposema zimebaki sehemu nane, nilikwenda nikasimama nyuma ya kreti za kuku nikawapigia simu. Binti wenu akaniuliza nataka sehemu gani. Sikuwa nimefikiria. Nikasoma namba iliyoandikwa kwenye kreti, 61. Nilivyoona mmekubali, nikapiga tena, na namba za kreti nyingine nikazitaja. Mara nasema mimi ni Radhamés, mara Mama Nurys, sauti naibana kidogo. Yaliyompata mzee Bolívar, Mungu anisamehe, na yaliyompata Wascar pia. Ya 89 sihusiki nayo, hiyo ni yenu wenyewe.

Daktari alisema Pasaka. Huu ni mwezi wa tisa. Asubuhi anakunywa kahawa yake, ananiambia shati langu linanuka manyoya. Mkirusha hizo tatu zilizobaki, yeye ni mtu wa kutimiza neno. Kwa hiyo yote waliyosema hapo juu ni kweli, na naomba msiyafanye. Ile ya mwisho ifungieni mahali. Wakija watu kumi na tisa, waambieni kanda imeliwa na panya.

Nilidhani hakuna anayejua. Jana mlirusha tena ya 61. Nimembeba kurudi nyumbani, namlaza, nataka kuzima taa, akasema bila kunitazama, "Leurys, huyo anayeomba marudio, ukikutana naye, mwambie nimechoka na huyo Rubén. Aombe ile ya harusi. Ina muziki."

Basi Jumatatu, tafadhali, ya 52.